Azania na Rapta: Majina Mawili ya Kiyunani katika Pwani Yetu

Jina la Azania limezoeleka masikioni mwetu kiasi kwamba ni wachache wanaouliza lilikotoka. Dar es Salaam iko skuli ya sekondari iitwayo hivyo. Lipo kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1898 mbele ya bandari. Ipo na benki. Washairi nao wamelipokea kwa mikono miwili, na sababu mojawapo haina fumbo: ni jina linalokubali vina. Linakaa vizuri na dunia, na nia, na kutulia, na kusikia, na Tanzania. Mtunzi aliyeishiwa na kina cha -nia katika ubeti wa tatu hulipata Azania limesimama mlangoni linamngoja, na kwa kuwa limevaa vazi la ukale, halimtii aibu.

Sina ugomvi na vina. Lakini yapo mashairi na vitabu vya skuli vinavyosema kwamba Azania ndilo jina la kale la pwani yetu, kana kwamba wazee wetu wa miaka elfu mbili iliyopita waliamka asubuhi wakijiita Waazania. Hilo ndilo ninalotaka kulitazama hapa, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kufasiri, na ambaye kila siku hulazimika kuuliza neno limetoka katika kinywa cha nani.

Kinywa chenyewe tunakijua kwa kiasi. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, baina ya mwaka 40 na 70 kwa kauli ya wataalamu walio wengi, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kiyunani alitunga kitabu kidogo cha kuwaongoza wenzake baharini. Kitabu hicho huitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea. Mwandishi hakutaja jina lake. Hakuwa mwanachuoni, Kiyunani chake ni cha sokoni, na mambo yanayomshughulisha ni bandari, pepo, bei, na bidhaa gani hutakiwa wapi. Anashuka Bahari ya Sham, anapinda Rasi ya Manukato ambayo ndiyo Guardafui ya leo, anapita Opone ambayo ni Hafun, kisha anaingia katika nchi anayoiita Azania: kwanza majabali yake madogo na makubwa, halafu fukwe zake ndogo na kubwa, halafu mwendo wa vituo vya siku moja moja, kimoja kikiitwa Sarapion na kingine Nikon. Hayo mawili ni majina ya watu, tena watu wa Kiyunani. Hapana shaka ni mabaharia waliowahi kutia nanga hapo wakaacha majina yao, kama wavuvi wetu wanavyoliita bandio la samaki kwa jina la mzee aliyelivumbua.

Baada ya hapo, safari ya siku mbili na usiku wake, inatokea kisiwa cha Menouthias.

Kuhusu Menouthias wamegombana wengi. Wapo wanaosema ni Unguja, wapo wanaosema Pemba, wapo wanaosema Mafia. Mwandishi anaeleza kuwa kisiwa kiko kiasi cha stadia 300 kutoka bara, ambazo ni karibu kilomita 55. Ni cha chini, kina miti mingi, mito, ndege wa kila namna na kobe wa nchi kavu. Hakina wanyama wakali ila mamba, na mamba hao, anasema, hawamdhuru mtu. Kila mtoto aliyekulia shamba atamcheka bwana huyu kwa upole, kwani mamba asiyemdhuru mtu ni kenge. Masafa hayo yanaisaidia zaidi Pemba kuliko Unguja. Mito inaweza kuisaidia Unguja, maana Mto Mwera hauwezi kukanwa. Mimi ni mtu wa Unguja na ningependa kisiwa kiwe changu, lakini mapenzi si ushahidi.

Linalonigusa zaidi katika maelezo yale ni kazi ya watu. Anasema wana vyombo vidogo vya kushonwa na vingine vya kuchongwa katika gogo moja, ambavyo huvitumia kwa kuvua na kukamata kasa; na kwamba wana njia yao wenyewe ya kuwakamata, kwa kutumia vikapu vya kusukwa badala ya nyavu, wakivitega kwenye midomo ya mikondo ya maji. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa hapo. Dema bado linasukwa, mtumbwi bado unachongwa. Watu wale hawajulikani walisema lugha gani, lakini mikono yao tunaijua.

Mwisho wa Azania, mwendo wa siku mbili kutoka kisiwani, iko bandari ya Rapta. Kiyunani cha asili huandikwa Rhapta, na maana yake iko wazi kwa kila ajuaye lugha hiyo: ni «zilizoshonwa». Mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba mji umepewa jina hilo kwa sababu ya vile vyombo vya kushonwa. Ndiyo mitepe, au mababu wa mitepe: mbao zilizounganishwa kwa kamba za usumba pasipo msumari hata mmoja, na tanga la mkeka lenye pembe nne. Ufundi huo uliishi katika visiwa vya Lamu na kwa Wabajuni hata karne ya ishirini. Sisi hapa Unguja tuliuona kwa macho mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale mtepe mzima ulipowekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, kabla ya sehemu ya jumba hilo kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020.

Yuko mtaalamu wa karne ya kumi na tisa, Eduard Glaser, aliyedai kuwa Rapta si Kiyunani bali linatokana na mzizi wa Kiarabu wa «rabata», yaani kufunga. Huenda. Lakini tazama jambo la ajabu: hata akishinda Glaser, maana haibadiliki sana. Kufunga kwa kamba na kushona kwa kamba ni ndugu. Mwarabu wa Muza na Myunani wa Misri wote wawili wakiutazama mji ule waliona kitu kimoja, nacho si dhahabu wala mfalme, ni kamba.

Kwa hiyo tuna majina mawili. Rapta ni jina lenye maana, na maana yake imetoka katika kazi ya mikono ya watu wa pwani. Ni tafsiri, ingawa hatuna tena asili iliyofasiriwa. Azania ni jina ambalo maana yake wanabishana nayo mpaka leo. Na lililoenea duniani ni la pili.

Tuitazame asili ya Azania, kwani hapa pana utamu. Katika Uyunani wenyewe, ndani ya jimbo la milimani la Arcadia, palikuwa na nchi iitwayo Azania. Pausanias, msafiri wa karne ya pili, anasimulia kuwa iliitwa kwa jina la Azan, mmoja wa wana watatu wa Arcas. Ilikuwa nchi ngumu, ya mawe, isiyomlipa mkulima jasho lake, hata Wayunani wakawa na msemo wa «shari za Azania» kwa kazi ya kujichosha bure. Na katika lugha yao kipo kitenzi chenye mzizi wa az-, kinachomaanisha kukauka. Mtu aliyelelewa katika Kiyunani, akitajiwa Azania, alisikia ukavu.

Kauli ya pili inasema jina limetokana na neno la Kiarabu «ajam», yaani wasio Waarabu, kwa kuwa pwani ya Wasomali iliitwa Barr al-Ajam. Kauli ya tatu inalihusisha na Zanj, lile lile lililozaa Zanzibar.

Kauli ya tatu naiona dhaifu. Ptolemy, ambaye Waarabu wamemjua kwa jina la Batlamiyusi, aliandika Jiografia yake katika karne ya pili, na ndani yake anaitaja Azania, tena anaitaja rasi ya Zingis katika pwani ile ile. Kama majina mawili hayo ni neno moja, basi limeandikwa mara mbili katika kitabu kimoja na mtu mwangalifu kuliko wote wa zama zake. Karne nne baadaye Cosmas, mtawa wa Aleksandria, alitaja Zingion, na kutoka hapo tunaweza kuufuata mstari hadi kwa Waarabu na Zanj yao, na hadi kwa Waajemi na Zangibar. Huo ni mto mwingine, wenye chemchemi yake.

Kauli ya «ajam» ina wafuasi zaidi, na ramani za Wareno na Wazungu waliowafuata zinaipa nguvu, maana kwa karne kadhaa ziliandika Ajan pale pale Azania ilipoanzia, juu ya Zanguebar. Lakini «ajam» tunalijua kutokana na Kiarabu cha baadaye. Watu wa Yemen katika karne ya kwanza, ambao ndio waliokuwa wakija huku, waliandika kwa Kisabaa. Kulichukua neno la kamusi ya leo na kulitia katika kinywa cha nahodha wa wakati ule ni jambo la kutahadhari nalo.

Ninavyoona mimi, na ni maoni ya mtu aliyezoea kuona maneno yakihama, sikio la msafiri ni la uvivu. Likisikia jina geni hulivuta kuelekea jina linalolijua. Sisi wenyewe tuliigeuza kanuni ya Kiingereza ya kushika kushoto ikawa kipilefti, nayo ikawa ni kitu cha duara barabarani. Baharia wa Kiyunani aliona majabali makavu ya Hafun, akasikia kutoka kwa wenyeji au kwa rubani wa Kiarabu sauti fulani iliyokaribiana, akatamka jina la nchi kavu aliyoijua kwao. Ikiwa ni hivyo, ndani ya Azania mna punje ya neno la mtu wa huku, lakini imezamishwa katika Kiyunani hata haikombolewi. Menouthias nalo nalishuku vivyo hivyo, kwa kuwa jirani na Aleksandria palikuwa na mji wa ibada ulioitwa Menouthis, na kila baharia wa Misri aliujua.

Hapa ndipo penye maumivu ya mfasiri. Mwandishi wa Periplus anatueleza kuwa Rapta ilikuwa chini ya mtawala wa Mafaritis huko Yemen, kwa haki ya kale, na kwamba wafanyabiashara wa Muza waliikodi kwa ushuru wakipeleka manahodha na mawakala wa Kiarabu, ambao walikuwa wamezoeana na wenyeji, wameoana nao, wanaijua nchi na wanaijua lugha yao. Wanaijua lugha! Huo ni ushahidi mkongwe mno kwamba pwani hii ilikuwa na lugha ya kujifunza, yenye thamani ya kujifunza. Anataja mikuki iliyotengenezwa Muza, mashoka, visu vidogo, nyuma za kutobolea, na vitu vya kigae cha kioo vilivyoletwa. Anataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba yaliyochukuliwa. Anataja hata mvinyo na nafaka zilizogawiwa bure ili kununua urafiki. Neno moja la lugha ile hakutuwekea. La chombo, la kasa, la salamu, hakuna.

Na wenyeji wenyewe anawaelezaje? Anasema ni watu wa maumbo makubwa sana, na kila mmoja mahali pake ni kama mtawala. Baina ya maneno hayo lipo neno moja ambalo katika hati, jinsi lilivyo, halileti maana. Ikumbukwe kuwa kitabu hiki kimetufikia kwa hati moja ya karne ya kumi iliyoko Heidelberg, na nakala yake ya baadaye iliyoko London. Mnakili wake alichoka mahali pengi. Wahariri wakalisahihisha neno lile kila mmoja kwa akili yake. Wilfred Schoff, Mmarekani aliyechapa tafsiri yake mwaka 1912, alifuata sahihisho linalowafanya watu wa Azania kuwa maharamia. Lionel Casson, katika tafsiri yake ya 1989, alifuata sahihisho linalowafanya wakulima. Herufi chache tu. Kwa miaka mingi vitabu vya historia vilivyoandikwa kwa Kiingereza viliwaita wazee wa pwani hii wezi wa baharini, na waliovisoma hawakuambiwa kwamba mwizi yule alizaliwa mezani kwa mhariri. Mimi nakubaliana na Casson, si kwa sababu ya fahari, bali kwa kuwa neno la wakulima liko karibu zaidi na herufi zilizomo katika hati.

Baada ya Ptolemy jina la Azania likalala. Waarabu hawakulihitaji. Al-Jahiz, aliyefariki mwaka 868 au 869, aliandika kuhusu Zanj wa Qanbalu na Zanj wa Lanjuya, na hilo la pili wengi wamelitambua kuwa ni Unguja. Al-Mas'udi alifika Qanbalu katika karne ya kumi. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikwishazungumza juu ya nchi ya Sawahil. Tuangalie basi tusijivune kupita kiasi kwa kuyakataa majina ya wageni: Mswahili mwenyewe ametajwa kwa Kiarabu, naye amelivaa jina hilo hadi likawa ngozi yake. Tofauti ni kwamba jina la Mswahili lilikaa naye. Aliliolea, akalizalia watoto, akatungia kwalo. Azania halikuwahi kulala usiku mmoja katika nyumba ya pwani, lilikuwa Heidelberg.

Lilipoamka lilitoka vitabuni. Jiografia ya Ptolemy ilifasiriwa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, na Periplus ikachapwa Basel mwaka 1533. Tangu hapo Azania ikawa mali ya wachora ramani, na baadaye ya maofisa wa kikoloni waliosoma Kiyunani skuli. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita Unguja katika safari yake ya 1930 na 1931, kisha mwaka 1932 akatoa riwaya ya dhihaka, Black Mischief, juu ya kisiwa cha kubuni kilicho mbele ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Kisiwa kile alikiita Azania. Ni kitabu cha kucheka, na anayechekwa ni mweusi anayetaka usasa.

Miaka thelathini na kitu baadaye jina lile lile likachukuliwa na watu waliokuwa wakifungwa na kuuawa. Chama cha PAC cha Afrika Kusini kilianza mwaka 1965 kuiita nchi yao Azania, na katika miaka ya uhamishoni makao yake yalikuwa Dar es Salaam. AZAPO ilipoundwa mwaka 1978 ilibeba jina hilo ndani yake. Ukitaka usahihi wa kitabu, basi walikosea: Azania ya Periplus inakomea Rapta, na kuhusu kusini ya hapo mwandishi anasema tu kwamba bahari haijachunguzwa na kwamba inapinda kuelekea magharibi. Lakini nchi yao ilikuwa imepewa mwelekeo wa dira badala ya jina, na mtu aliyenyang'anywa hadi jina la kwao ana haki ya kuokota lililo karibu. Mwaka 1994 utawala ulibadilika na jina halikubadilika. Mwaka 2011 wanasiasa wa Kisomali walitangaza utawala wa Azania katika Jubaland. Wao, kwa ramani, walikuwa ndani ya Azania hasa. Haukudumu. Wanachuoni nao wana Azania yao: jarida la akiolojia la Taasisi ya Uingereza katika Afrika ya Mashariki, lililoanza Nairobi mwaka 1966, ambalo ndani yake mengi kuhusu pwani yetu yameandikwa na bado yanaandikwa.

Rapta haikupata kitu. Hapana skuli ya Rapta, hapana chama, hapana shairi ninalolijua. Mahali pake penyewe hapajathibitishwa. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameutafuta kwa miaka mingi upande wa delta ya Rufiji, na amefukua huko vitu vya zama hizo, zikiwemo shanga za kioo kutoka nchi za mbali. Pengine linapuuzwa kwa sababu linaanza kwa sauti zisizokubali vina. Pengine kwa sababu «zilizoshonwa» halina utukufu.

Majina yetu wenyewe hayakuogopa kukosa utukufu. Kikwajuni kuna ukwaju ndani yake, Michenzani kuna michenza, Mwembetanga kuna mwembe, na Mpendae ninapoishi ni nusu ya sentensi iliyoachwa imalizwe na mwenye kupenda. Hayo ni majina yaliyotajwa na waliokuwa wakipita kwa miguu. Mtu wa Rapta naye bila shaka alikuwa na neno lake la mji wake, na si ajabu lilikuwa fupi na la kawaida kama haya, lenye mti ndani yake au chombo.

Nimekuwa nikizifasiri kurasa hizo chache za Periplus zinazotuhusu, kutoka Kiingereza cha Casson na cha Huntingford, nikilinganisha na Kiyunani kwa msaada wa kamusi. Azania nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa sioni cha kufasiri ndani yake. Menouthias nimeliacha pia. Lakini nilipofika Rapta kalamu ilisimama siku nyingi. Kuandika Rapta ni kumpa msomaji wa pwani sauti tupu, wakati Myunani aliyelisoma aliona kamba, mbao na mkono wa mshonaji. Nilijaribu Mshono, likanipeleka kwa fundi cherehani. Nilijaribu Ushonwani, halikutamkika. Mwishowe nimeandika Mitepeni, nikaliweka Rapta pembeni mara moja tu, mara ya kwanza linapotajwa.